Mahakama ya Strasbourg: nimesoma hukumu zake saba za jela za siri za CIA, haya ndo maoni yangu

Jana usiku nimemaliza hukumu ya saba, ile ya Januari 2024, na nimeona niandike sasa hivi maana nikiacha wiki ipite ntasahau nilivyojisikia. Haya ni maoni kuhusu Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliyoko Strasbourg, Ufaransa. Siongelei kazi zake zote, ni nyingi mno, naongelea jinsi ilivyowahudumia watu waliotekwa na CIA, shirika la ujasusi la Marekani, baada ya Septemba 2001 wakapitishwa au wakafichwa kwenye nchi za Ulaya kwa msaada wa serikali za hukohuko. Mahakama ni huduma kama huduma zingine, ina fomu, ina foleni, kuna waliotoka na kitu na kuna vitu hawakupata kabisa, na mtu anastahili kuambiwa ukweli kabla hajaweka matumaini yake yote pale.

Kwanza kuna jambo linachanganya wengi. Hii sio mahakama ya Umoja wa Ulaya. Ni ya Baraza la Ulaya, chombo kingine kabisa, sasa hivi kina nchi 46 (zilikuwa 47 mpaka Urusi ilipotolewa 2022), na mahakama yenyewe ipo tangu 1959. Inayoshtakiwa pale ni nchi, na lazima iwe nchi iliyosaini Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu. Marekani haimo, kwa hiyo hata kama waliokutesa ni Wamarekani watupu, Strasbourg huwezi kuwapata. Ila huhitaji kuwa raia wa Ulaya. Mmisri, Msaudi, Mpalestina, yeyote yule, mradi nchi mwanachama ilikukamata au ilikukabidhi au iliwapa watesaji wako mahali pa kukutesea.

Na hapo ndo penyewe, maana CIA isingeweza kufanya ile kazi peke yake. Ndege lazima itue sehemu, lazima ipewe ruhusa ya anga, lazima kuwe na askari wa mpakani wa kumshusha mtu kwenye basi, lazima kuwe na kambi ya mwenyeji ambayo ndani yake unaweka nyumba yako na majirani hawaulizi. Ripoti ya Bunge la Ulaya ya 2007, ile aliyoiongoza Claudio Fava, ilihesabu safari zisizopungua 1,245 za ndege za CIA kwenye anga la Ulaya au zilizotua viwanja vyake. Sio zote zilibeba watu waliofungwa pingu, hilo liko wazi, lakini serikali zilizokuwa zinasema hazijui chochote zilikuwa na watu wao kwenye minara ya kuongozea hizo ndege.

Sasa kesi. Kama unataka kusoma moja tu soma ya Khaled El-Masri dhidi ya Masedonia, hukumu ya tarehe 13 Desemba 2012. Huyu ni Mjerumani mwenye asili ya Lebanon, alikuwa anasafiri kwa basi kutoka Ulm kule Ujerumani kwenda Skopje, mji mkuu wa Masedonia, tarehe 31 Desemba 2003 akashushwa mpakani Tabanovce. Jina lake lilifanana na la mtu mwingine aliyekuwa anatafutwa. Basi, kosa lake lilikuwa hilo tu. Wakamfungia siku 23 kwenye chumba cha hoteli inaitwa Skopski Merak, sio kituo cha polisi, sio gereza, hoteli, na walinzi ndani ya chumba usiku na mchana, akaomba ubalozi wa Ujerumani akanyimwa, akaomba wakili akanyimwa, akagoma kula. Mwishoni wakampiga video wakamwelekeza aseme kwamba ametendewa vizuri na anarudi Ujerumani. Siku hiyohiyo, tarehe 23 Januari 2004, wakampeleka uwanja wa ndege wa Skopje kafungwa kitambaa machoni, na pale wakamkabidhi kwa watu waliofunika nyuso zao.

Kilichofuata kimeandikwa kwenye hukumu bila kupamba na mi ntakiandika hivohivo. Alipigwa, nguo zake zikakatwa kwa mkasi, akaingizwa kitu kwa nguvu sehemu za siri za nyuma, akavalishwa nepi, akafungwa minyororo, akafunikwa kichwa, akachomwa sindano za kulewesha, akalazwa kwenye sakafu ya ndege. Boeing 737 namba N313P. Ikapita Baghdad ikaenda Kabul. Huko alikaa miezi minne na zaidi kwenye selo, akagoma kula siku 37 mpaka wakamlisha kwa mpira. CIA yenyewe ilishajua kuwa wamemkamata mtu siye. Tarehe 28 Mei 2004 wakamrusha mpaka Albania wakamwacha barabarani usiku. Alipofika nyumbani Ujerumani mke wake na watoto hawapo, walishaenda Lebanon.

Nimeieleza kwa urefu kwa sababu ya alichofanya baada ya hapo, maana ndo kinaonesha thamani ya Strasbourg. Alienda kwanza mahakama za Marekani, Desemba 2005. Serikali ikasema kesi itafichua siri za taifa, ikafutwa 2006, rufaa ikakataliwa, na Oktoba 2007 Mahakama Kuu ya Marekani ikakataa hata kuisikiliza. Ujerumani, nchi yake mwenyewe, waendesha mashtaka wa Munich Januari 2007 walipata hati za kuwakamata watu 13 wanaohusishwa na CIA, na serikali ya Ujerumani ikaamua kutoifikisha Marekani ile request ya kuwaleta Ujerumani. Kule Masedonia akapeleka malalamiko 2008, mwendesha mashtaka akatupa baada ya miezi michache kwa kuegemea maelezo ya wizara ya mambo ya ndani, yaani wizara ileile iliyotuhumiwa. Milango mitatu, yote imefungwa. Julai 2009 akatuma fomu Strasbourg.

Fomu ni bure. Hili watu hawaliamini lakini ni kweli, huna ada ya kufungua kesi wala huhitaji wakili siku ya kutuma maombi (baadaye kesi ikisonga mbele ndo unahitaji, na unaweza kuomba msaada wa gharama). Masharti ni kwamba uwe umeshamaliza njia za ndani za nchi unayoishtaki, na utume ndani ya muda. Muda ulikuwa miezi sita, tangu tarehe 1 Februari 2022 ni miezi minne tu kuanzia uamuzi wa mwisho wa ndani, na wengi wanakatwa hapo kabla hata hoja zao hazijasomwa, kwa hiyo kama kuna mtu unamjua ana jambo kama hili asikae analiombea ushauri mwaka mzima.

Masedonia ilikuja mahakamani ikasema haya mambo hayakutokea. Mahakama ikafanyaje? Ikachukua uchunguzi wa kisayansi wa nywele za El-Masri, uliofanyika Ujerumani, ambao ulionesha nywele zinaendana na mtu aliyekaa nchi ya Asia ya Kusini na aliyeshinda njaa muda mrefu. Ikachukua rekodi za ndege. Ikachukua maelezo ya maandishi ya mtu aliyekuwa waziri wa mambo ya ndani wa Masedonia wakati ule, ambaye alikiri kwamba ndiyo, tulimshikilia, ndiyo, tulimkabidhi kwa Wamarekani. Halafu ikasema hivi kwa maneno yangu: mtu akileta picha inayoshikamana namna hii, na serikali ndo ina taarifa zote, mzigo wa kueleza unahamia kwa serikali, na serikali ikinyamaza tunaruhusiwa kuamua kwa kunyamaza kwake. Majaji 17, wote wakakubaliana. Na wakaliita jina lake, utesaji. Walichomfanyia watu wa CIA pale uwanja wa ndege ni utesaji, na Masedonia inabeba lawama kwa sababu kilifanyika ndani ya ardhi yake maafisa wake wakiangalia, na inabeba pia lawama ya Kabul kwa sababu ilimkabidhi huku ikijua au ikipaswa kujua anapelekwa kwenye nini.

Mi niliposoma hapo nilielewa kwa nini watu wanaipigania hii mahakama. Miaka nane mtu anaitwa mwongo, halafu majaji 17 wanaandika kwamba alichosema ni kweli, na wanaongeza kuwa sio yeye tu na familia yake, hata umma una haki ya kujua nini kilitokea.

Fidia alipewa euro 60,000. Aliomba 300,000.

Poland ndo iliyonifanya niache kusoma mara mbili nikatoka nje kupata hewa. Hukumu mbili za siku moja, tarehe 24 Julai 2014, ya Abd al-Rahim al-Nashiri na ya Abu Zubaydah. Hawa sio watu waliokosewa jina kama El-Masri, al-Nashiri anatuhumiwa kwa shambulio la meli ya USS Cole la Oktoba 2000 lililoua mabaharia 17, na najua kuna msomaji ataishia hapohapo aseme acha wateswe. Mahakama ilijibu hilo vizuri sana, kwamba katazo la utesaji halina kifungu cha isipokuwa, hata vitani, hata kwa mtuhumiwa wa ugaidi, na hata kwa mtu aliyefanya kweli. Nakubaliana nayo kabisa na sina cha kuongeza.

Walipelekwa tarehe 5 Desemba 2002, ndege ikatua uwanja mdogo wa Szymany kaskazini mwa Poland, na karibu na hapo kuna kambi ya idara ya ujasusi ya Poland inaitwa Stare Kiejkuty. Mipango ya safari ya ndege za namna hii ilikuwa inaandikwa kwa uongo, inasema inaenda Warszawa wakati inashuka Szymany, na mamlaka ya anga ya Poland ndo ilikuwa inaziongoza. Ndani ya ile kambi al-Nashiri alisimamishwa uchi kafunikwa kichwa, mhoji akamwekea bastola kichwani kana kwamba anamuua, akawasha drili karibu na mwili wake. Hii haikutoka kwa mawakili wake peke yao, imo kwenye ripoti ya mkaguzi mkuu wa CIA yenyewe ya 2004.

Poland ilipoombwa nyaraka na mahakama ikagoma. Ikasema uchunguzi wa ndani ni siri. Huo uchunguzi ulianza 2008 na mpaka hukumu inatoka 2014 ulikuwa bado unaendelea kuendelea tu. Na wale walalamikaji wako Guantánamo, gereza la kijeshi la Marekani kule Cuba, hawawezi kusafiri, hawawezi kuongea na majaji, hata wanachowaambia mawakili wao kinahesabiwa kuwa siri. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Strasbourg ilikataa hilo. Desemba 2013 ikafanya kikao cha faragha, ikawasikiliza watu waliotumia miaka kufuatilia, Dick Marty yule seneta wa Uswisi aliyeandika ripoti za Baraza la Ulaya za 2006 na 2007, Claudio Fava, seneta wa Poland Józef Pinior, ikaunganisha data za ndege na nyaraka za CIA zilizojaa mistari myeusi na ripoti ya Msalaba Mwekundu, ikafika kwenye hitimisho kwamba jela ilikuwepo, Poland ilijua, Poland ilisaidia. Na kwa kugoma kuleta nyaraka ikakutwa na kosa la peke yake.

Angalia tarehe sasa. Hukumu ni Julai 2014. Muhtasari wa ripoti ya Seneti ya Marekani kuhusu utesaji wa CIA ulitoka tarehe 9 Desemba 2014, miezi minne na nusu baadaye. Siku moja baada ya ripoti kutoka, rais wa zamani wa Poland Aleksander Kwaśniewski akakiri hadharani kwamba alikubali CIA wapewe eneo, ingawa alisema hakujua kuwa watu wanateswa. Kwa hiyo mahakama iliyokaa Ufaransa bila nyaraka, bila mashahidi wakuu, iliufikia ukweli kabla ya wenye ukweli kuufungua mdomo. Kwa kazi hii pekee mi naipa alama zote.

Kila mmoja alipewa euro 100,000, na Abu Zubaydah 30,000 juu kwa ajili ya gharama. Gazeti la Washington Post mwezi Januari mwaka huohuo liliandika kuwa CIA iliilipa Poland dola milioni 15 taslimu kwa ajili ya kutumia eneo hilo, pesa zikabebwa kwenye maboksi mawili makubwa. Poland ililipa fidia 2015. Nimejaribu kutoziweka hizo namba mbili kwenye sentensi moja nimeshindwa.

Italia ni tofauti kidogo na mi naona inauma kwa namna yake, maana pale polisi na waendesha mashtaka walifanya kazi yao mpaka mwisho. Imamu Mmisri anajulikana kama Abu Omar, alikuwa na hadhi ya ukimbizi Italia, tarehe 17 Februari 2003 mchana anatembea kwenda msikitini Milano, askari mmoja wa carabinieri (polisi wa kijeshi wa Italia) akamsimamisha anajifanya anakagua vitambulisho, gari likaja likambeba. Wakampitisha kambi ya ndege za kijeshi ya Aviano, kisha nyingine ya Ramstein kule Ujerumani, kisha Cairo. Mke wake, Nabila Ghali, alikaa zaidi ya mwaka hajui mume yuko hai au kafa, mpaka Aprili 2004 simu ilipoita nyumbani. Polisi walikuwa wanaisikiliza hiyo laini, na hapo uchunguzi ukashika kasi. Mwendesha mashtaka Armando Spataro na timu yake wakachambua laini za simu zilizokuwa hewani eneo lile siku ile, wakafuata laini moja moja mpaka kwenye hoteli walizolala, wakapata majina. Novemba 2009 Wamarekani 23 wakahukumiwa bila kuwepo, baadaye wakafika 26. Hakuna nchi nyingine iliyofika hapo.

Halafu serikali ikafunga mlango. Serikali za kulia na za kushoto, zilipokezana, zote ziling'ang'ania siri ya taifa. Mkuu wa zamani wa ujasusi wa kijeshi Nicolò Pollari alihukumiwa miaka kumi 2013, mwaka uliofuata hukumu ikafutwa kwa sababu ushahidi ulitangazwa kuwa siri, wakati huo ushahidi wenyewe ulishaandikwa magazetini na kuwekwa mtandaoni. Maombi ya kuwarudisha Wamarekani karibu yote hayakutumwa. Marais wawili waliofuatana wakatoa misamaha. Strasbourg tarehe 23 Februari 2016 ikasema wazi kuwa siri ya taifa ilitumika ili wahusika wasijibu walichofanya, ikawasifu wapelelezi na mahakama za Italia, ikaihukumu Italia kama nchi. Euro 70,000 kwa mume na 15,000 kwa mke. Nimefurahi walimhesabu mke. Mateso ya anayesubiri simu yalipewa nafasi yake kwenye hukumu, na kesi nyingi za aina hii hazimkumbuki.

Lithuania na Romania zina hukumu za siku moja pia, tarehe 31 Mei 2018, Abu Zubaydah dhidi ya Lithuania na al-Nashiri dhidi ya Romania, na zinafuata njia ya Poland, kwa hiyo sitarudia yote. Romania jela ilikuwa Bucharest, ikafungwa Novemba 2005 siku chache baada ya Washington Post kuandika kuwa kuna jela za siri Ulaya Mashariki, na serikali ikaendelea kukana. Lithuania ilikuwa Antaviliai, nje kidogo ya Vilnius, mahali palipokuwa shule ya kupanda farasi, kuanzia Februari 2005 mpaka Machi 2006. Kuna kipande kimoja kwenye habari za Lithuania nataka ukijue. Ripoti ya Seneti inaeleza kuwa mmoja wa waliofungwa, Mustafa al-Hawsawi, aliumwa, na nchi mwenyeji ikakataa asipelekwe hospitali yao, na hapo uhusiano na CIA ukavunjika. Jina la nchi lilifichwa kwenye ripoti lakini mahakama ikaunganisha. Yaani nchi ilikubali mtu afungwe kwenye ardhi yake kwa siri, ila kitanda cha hospitali ndo ikaona ni kikubwa mno. Huyohuyo al-Hawsawi ndo mwenye hukumu ya saba, tarehe 16 Januari 2024, euro 100,000.

Sasa udhaifu, na nisingekuwa mkweli nikiupita juujuu.

Muda kwanza. El-Masri alisubiri karibu miaka mitatu na nusu. Abu Omar na mkewe walipeleka 2009 wakajibiwa 2016. Al-Nashiri dhidi ya Romania ilipelekwa 2012 ikaisha 2018. Sehemu ya lawama ni ya serikali zilizogoma kuleta nyaraka, lakini mtu aliye kwenye selo hazimsaidii hizo sababu, anahesabu miaka.

Pili, mahakama haimfungi mtu. Haina polisi. Ikishahukumu, faili linaenda kwa Kamati ya Mawaziri ya Baraza la Ulaya, yaani wawakilishi wa serikali zilezile, na wao ndo wanaisimamia nchi itekeleze. Kulipa pesa nchi zinalipa, hilo sio gumu. Kuchunguza na kuwafikisha waliohusika mahakamani ndo hazifanyi. Poland, Romania, Lithuania, hakuna afisa aliyehukumiwa kwa ajili ya zile jela. Masedonia angalau 2018 waziri wa mambo ya nje alimwandikia El-Masri barua ya kumwomba radhi, miaka mitano na ushee baada ya hukumu na zaidi ya 14 baada ya ile hoteli. Na hata mwendesha mashtaka anayetaka kusonga mbele anakutana na ukuta: Abu Zubaydah alipoomba mahakamani, kwa ajili ya uchunguzi wa Poland, ushahidi wa wanasaikolojia wawili waliobuni mbinu za CIA, Mitchell na Jessen, Mahakama Kuu ya Marekani Machi 2022 ikazuia, siri ya taifa tena, na hiyo ni kuhusu jela ambayo rais wa zamani wa nchi husika alishaikiri hadharani.

Tatu, mikono yake haifiki Guantánamo. Iliziambia Poland na Romania ziende kwa Marekani kuomba uhakikisho kwamba al-Nashiri hatanyongwa. Poland iliomba. Waendesha mashtaka wa kijeshi wa Marekani wakaendelea kutafuta adhabu ya kifo.

Kuna pia wasiofika Strasbourg kabisa na pengine wewe ungependa kulinganisha. Uswidi iliwakabidhi Wamisri wawili uwanja wa Bromma Desemba 2001, wakaenda kwenye kamati za Umoja wa Mataifa, na 2008 Uswidi ikawalipa kronor milioni tatu kila mmoja. Uingereza ilihusika kwenye kukabidhiwa kwa Abdel Hakim Belhaj na mke wake Fatima Boudchar kwa Libya ya Gaddafi mwaka 2004, mke akiwa mjamzito, wakapigania kesi mahakama za London miaka mpaka tarehe 10 Mei 2018 waziri mkuu Theresa May akawaomba radhi kwa barua iliyosomwa bungeni, na Boudchar akalipwa pauni 500,000. Ukiangalia pesa tu, London ilimlipa zaidi. Ila pale hakukuwa na hukumu, ilikuwa makubaliano, na serikali haikukubali kisheria kwamba ina hatia. Kwa mtu ambaye shida yake kubwa ni kuitwa mwongo, mi bado ningemwambia Strasbourg.

Kwa wanaotaka kusoma tu: hukumu zote ziko mtandaoni kwenye kanzidata ya mahakama, HUDOC, bure na hakuna kujisajili. Andika jina la mlalamikaji zinakuja. Ni ndefu kweli, za Poland zina mamia ya aya, na ziko kwa Kiingereza na Kifaransa, lakini kila aya ina namba na lugha yake sio ngumu kama watu wanavyoogopa. Usianzie kwenye hoja za sheria. Anzia sehemu ya mambo yaliyotokea, soma kama habari ya mtu, afu ukishamjua ndo urudi kwenye vifungu. Na unapokutana na kurasa zenye nyaraka za CIA zilizofutwa kwa wino mweusi usiziruke, tazama majaji walivyojaza yale mapengo kwa tarehe za ndege.

Nyota nne kati ya tano natoa. Ile ya tano nimeizuia kwa ajili ya Abu Zubaydah. Alikamatwa Pakistan Machi 2002, alimwagiwa maji usoni mpaka kukosa pumzi mara 83 ndani ya mwezi mmoja, hajawahi kushtakiwa kwa kosa lolote mahali popote. Kashinda kesi mbili Strasbourg, dhidi ya Poland na dhidi ya Lithuania. Lithuania ilimlipa euro zake 100,000 Januari 2022. Siku zilipolipwa alikuwa Guantánamo, mwaka wake wa 16 pale, wa 20 tangu akamatwe, na mahakama iliyomwamini haikuwa na njia ya kumfungulia.